Nimecheza gofu ufukweni mwa Uskoti na baba mkwe: siku tisa za upepo, mchanga na aibu (uzi mrefu)

Kedi Mstaafu:
Wakuu, habari za jioni. Kuna mdau kwenye ule uzi wa handikapu aliuliza kama humu yupo aliyewahi kucheza viwanja vya ufukweni kule Uskoti. Nikaahidi kuandika nikirudi. Nimerudi wiki ya tatu sasa, mifupa imeanza kupata joto, acha nilipe deni.

Mnijue kwanza. Nilianza ukedi, yaani kubeba mifuko ya fimbo za watu wanaocheza gofu, pale Moshi nikiwa darasa la tano, na huko kubeba ndiko nilikojifunzia kupiga. Leo niko Arusha, handikapu yangu ni 9 (ni kipimo cha uwezo, ikiwa ndogo ndivyo unavyocheza vizuri), na hadi mwezi wa sita mwaka huu nilikuwa najihesabu kuwa mtu ninayeijua gofu.

Nilikwenda na baba mkwe. Msicheke. Mzee ana miaka 69, mtu wa Tanga aliyehamia Dar zamani, anacheza Gymkhana tangu mimi sijazaliwa, handikapu 17. Ndoto yake ilikuwa aione St Andrews, mji wa Uskoti wenye uwanja mkongwe wa gofu, kabla magoti hayajamgomea. Kwenda peke yake hawezi, na binti yake anajua mumewe akianza kuongea gofu mezani chakula kinapoa. Nikakabidhiwa mzee, pasipoti na dawa za presha.

Sasa niwaeleze hivi viwanja vikoje, maana nami nilikuwa nadhani ni kiwanja chochote chenye bahari pembeni. Sivyo. Ni ule ukanda ulio kati ya ufukwe na mashamba, mchanga uliorundikwa na upepo miaka na miaka ukaota nyasi juu. Haulimiki, kwa hiyo waliuachia kondoo, halafu watu wenye fimbo na mpira. Mvua ikinyesha mchanga unaimeza hapohapo. Nyasi ni nyembamba kama nywele za mtoto na chini pagumu. Mpira ukitua unadunda na kuendelea na safari zake. Miti hakuna. Kuna vichaka vya miiba vyenye maua ya njano, mpira ukiingia humo usiufuate, utarudi umechanika suruali na mikono mitupu. Yale mashimo ya mchanga wanasema mengi yalianza kwa kondoo kujikunyata wakikwepa upepo. Hakuna mhandisi aliyekuja na ramani. Hata hii habari ya raundi kuwa na mashimo 18 ya kuingizia mpira haikupangwa: St Andrews palikuwa na 22, wakapunguza mwaka 1764, dunia nzima ikafuata.

Tulitua Edinburgh. Fimbo za mzee zilifika nasi. Zangu zilibaki tulikobadilishia ndege na kunifuata siku ya tatu, kwa hiyo raundi ya kwanza, North Berwick, nilicheza na fimbo za kukodi. Pale unakwenda kwa treni, nusu saa na ushee kutoka Edinburgh. Baharini kuna jiwe kubwa linaitwa Bass Rock, jeupe kabisa kwa ndege wa baharini na mavi yao. Mzee alilitazama akasema linahitaji kufuliwa.

Shimo la 13 pale lina ukuta wa mawe mbele ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye bendera. Ukuta kweli, wa shamba, umekaa hapo kuliko mtu yeyote aliye hai na hakuna aliyefikiria kuubomoa. Nilikuwa na mita 90. Nikainua mpira juu kama ninavyofanya Arusha siku zote. Ulipanda vizuri, ukakutana na upepo, ukasimama hewani kama unauliza njia, ukadondoka hatua moja upande wetu wa ukuta. Siwezi kuurusha juu, siwezi kupita. Mzee akasogea taratibu, akautazama mpira, akanitazama na mimi. "Baba Salma, ukuta hauna haya. Mpe mgongo." Nikapiga kurudi nyuma. Mbele ya baba mkwe.

Naendelea, msiondoke.

Fundi Rejeta:
Mkuu gofu siijui hata harufu lakini "mpe mgongo" nimeielewa 😂 Nimekaa pale. Picha ziko wapi?

Chumvi Bahari:
Mtu wa Tanga hababaishwi na upepo. Endelea mkuu.

Mzalendo Halisi:
Watu hawana maji bombani, wewe unapanda ndege kwenda kugonga kimpira ufukweni. Bagamoyo hakuna ufukwe?

Kedi Mstaafu:
@Mzalendo Halisi ufukwe upo, na ungeuona mchanga wake ungejua hatuwezi kuotesha zile nyasi kwenye jua letu. Hela nitakuja kuiongelea bila kuficha. Tulia kwanza.

Sehemu ya pili. Tulihamia St Andrews. Treni haifiki mjini. Reli yao iling'olewa tangu 1969. Unashuka Leuchars, unamalizia kwa basi dakika kumi na kitu. Chumba tulichukua kimoja chenye vitanda viwili kupunguza gharama. Wenye wakwe mtanielewa. Usiku wa kwanza nilivalia nguo za kulalia bafuni mlango umefungwa, nikatoka nikiwa nimefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Mzee naye kavaa koti juu ya kanzu. Tukalala kama abiria wawili wasiojuana.

Kulala kwenyewe shida. Mwezi wa sita kule jua linazama karibu na saa 4 usiku, na saa 10 na nusu alfajiri limeshachomoza. Mzee alihangaika na Maghrib siku mbili za kwanza, anachungulia dirishani, jua limetulia tu kama saa 10 jioni. Faida yake ni kwamba ukimaliza chakula cha jioni unaweza kwenda kucheza mashimo tisa mengine na kurudi kukiwa na mwanga.

Siku iliyofuata tulikwenda Elie, kijiji cha wavuvi kusini mwa hapo. Hapa ndipo nilipofurahi kuliko sehemu zote, na kwa pesa ni nafuu kuliko majina makubwa. Shimo la kwanza mbele yako kuna kilima, huoni kitu nyuma yake. Basi kwenye kibanda cha msimamizi wamesimika bomba la kuchungulia la nyambizi. Nyambizi ya kivita, HMS Excalibur, ilipotolewa kazini bomba lake likaja kutumika gofu. Mzee wa kibanda anachungulia, akiona waliotangulia wameshasogea anakwambia piga. Aliniruhusu niangalie: unawaona watu nyuma ya kilima wazi kabisa, mmoja alikuwa anajikuna mahali. Baba mkwe alichungulia dakika nzima, nadhani alikuwa anatafuta meli.

Elie hakuna hata shimo moja refu la mikwaju mitano (ndiyo idadi anayotarajiwa mchezaji mzuri). Kumi na sita ni ya mikwaju minne, mawili ya mitatu. Nikajiambia hapa ndipo pa kulipizia kisasi. Upepo ulikuwa unatoka baharini, mkono wa kushoto. Fimbo yangu ya aironi 7 Arusha inapeleka mpira mita 150 bila kuisukuma. Sasa wakuu, Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unateleza tu. Ukishuka chini, ukaongeza baridi, ukaongeza upepo usoni, ile 150 inakuwa 110. Nimeishi miaka yote hiyo nikiamini nguvu ni zangu, kumbe ni za mlima.

Mzee yeye haurushi mpira juu, hajawahi. Draiva yake, ule mkwaju wa kwanza wa mbali, inatoka kifuani, inapaa kimo cha mlango, inaanguka inakimbia. Gymkhana tulikuwa tunamcheka kimoyomoyo, mpira wake unakimbia kama panya sebuleni. Pale Elie panya alikimbia mita 180. Akiwa mita 50 nje ya grini mimi nachomoa wedji, fimbo ya kurushia juu, yeye anachomoa aironi 6 na kuusukuma tu, unapanda kishimo, unashuka kituta, unakata kona, unalala jirani na bendera. Nikamuuliza amejifunzia wapi. "Kusi, mwanangu. Mwezi huu Dar ukirusha juu mpira unaletewa na mawimbi." Halafu akanyoosha uso kuelekea baharini, akavuta hewa. "Ila huu si wao. Hili ni kusi letu limepotea njia."

Alinipiga mikwaju sita. Bila kuhesabu handikapu.

Chumvi Bahari:
NILISEMA.

Dada wa Tisa Bora:
Mkuu hii ya kusukuma na aironi 6 nimeichukua kama ilivyo. Kocha wangu kila siku ananiimbia nirushe. Swali: akina mama wanachezaje kule? Nilisikia kuna klabu zilikuwa hazitutaki kabisa.

Kedi Mstaafu:
Dada, ulisikia kweli. Klabu kongwe ya pale, ile ya wenye jengo la mawe nyuma ya shimo la kwanza, ya tangu 1754, ilikubali wanachama wanawake mwaka 2014 tu. Ila viwanja vyenyewe si mali ya klabu hiyo. Ni vya umma, vinasimamiwa na wakfu, mwanamke alikuwa anacheza kama kawaida. Na kuna uwanja wa kuputi tu, yaani kusukuma mpira taratibu chini hadi shimoni, wanauita Himalayas, vilima mwanzo mwisho, ni wa klabu ya akina mama ya tangu 1867. Unalipa pauni chache unapewa fimbo na mpira. Tulikuta bibi na wajukuu zake wanacheza na miguu peku. Mzee alitaka tuweke dau la chai. Nikalipa chai.

Mangi wa Bondeni:
Carnoustie hamkufika? Mimi kwangu gofu ya Uingereza ni yule Mfaransa 1999 tu.

Kedi Mstaafu:
Tulifika mkuu. Kwa wasiojua: The Open, shindano kubwa la gofu la Uingereza, mwaka ule lilichezwa pale Carnoustie, na Jean van de Velde alifika shimo la mwisho akiwa mbele kwa mikwaju mitatu. Hata angetumia sita kombe lake. Mpira ukaingia kwenye kile kijito wanachokiita Barry Burn, akavua viatu na soksi, akakunja suruali, akaingia majini anaufikiria kuupiga humohumo. Mwisho akauokota, akamaliza kwa saba, wakaingia mchezo wa ziada, Paul Lawrie akachukua.

Nilisimama ukingoni mwa kijito hicho. Kwenye picha unadhani ni mto, ni mfereji tu uliojengewa kuta za mawe, unajipinda unakukatiza mara mbili kabla ya grini. Nilitumbukiza mpira mmoja. Viatu sikuvua. Zaidi ya hapo Carnoustie sina hamu ya kuisimulia. Ukungu wa bahari ulikuja shimo la tano, tukawa tunapiga kwa kuamini, nikamaliza na idadi ya mikwaju ambayo haina faida kwa mtu yeyote. Mzee alisema kiwanja kina roho mbaya. Crail, kiwanja kingine cha ufukweni, siku moja baadaye ndiyo iliturudishia utu.

Mzalendo Halisi:
Bado nasubiri hela.

Kedi Mstaafu:
Haya. Old Course, ule uwanja mama, kiangazi ni zaidi ya pauni 300 mtu mmoja, raundi moja. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni. Kedi na bakshishi yake juu. Viza peke yake inazidi pauni 100, na hairudishwi ukinyimwa. Mwenzetu wa tatu alinyimwa, tukaondoka wawili. New Course iko ukuta kwa ukuta na Old, iliyochorwa na Old Tom Morris, mchezaji gwiji wa zamani wa pale, 1895 (ndiyo wanaiita mpya), ni nafuu zaidi na wenyeji wengi nilioongea nao wanaipenda kuliko kaka yake. Mwenye mfuko mwembamba acheze New, Elie na Crail, Old aende Jumapili. Jumapili inafungwa, gofu hakuna, watu wanatembeza mbwa katikati ya grini na kula mikate. Tulipita kote bure. Nikashuka mpaka ndani ya lile shimo la mchanga la 14 wanaloliita Jehanamu, ukuta wake unanizidi kimo.

Mimi nilidunduliza miaka minne. Mzee aliuza kiwanja Kigamboni, kiwanja cha nyumba, si cha gofu.

Fundi Rejeta:
Mzee kauza kiwanja akacheze kwenye kiwanja 🙌 Sasa Old mlicheza au mlitembeza mbwa?

Kedi Mstaafu:
Hapo ndipo penyewe.

Old Course huingii kwa kuwa na hela tu. Usipokuwa umepanga mwaka mmoja kabla, unaingia bahati nasibu. Wawili au zaidi mnaweka majina kabla ya saa 8 mchana, siku mbili kabla, jioni majibu yanatoka. Unatakiwa na cheti cha handikapu. Tuliweka mara tatu, tukakosa mara tatu. Kila jioni mzee anafuta miwani, ananiambia soma, nasoma, anasema "Haya," anakunja miwani.

Njia ya pili ni ya mtu mmoja mmoja. Zamani watu walikuwa wanapanga foleni usiku kucha nje kwenye baridi wakitegemea nafasi kwenye kundi la watu watatu. Tangu 2024 ni droo: unajiandikisha ana kwa ana siku moja kabla, jibu linakuja kwenye simu. Alhamisi tukajiandikisha wote wawili. Jioni tuko tunakula haggis (ni mtura wa kondoo uliochanganywa na oti, mtu wa Arusha haumshangazi, mzee aliuliza habari za kuchinja, akaagiza samaki). Simu yake ikalia. Yangu kimya. Akanipa nisome. Amepata, asubuhi. Nikasubiri yangu mpaka sahani zimeondolewa.

Mzee akasema nichukue nafasi yake. Nikamwambia haibadilishwi jina. Ukweli sikuwa nimeuliza kama inabadilishwa.

Asubuhi alipewa kedi wa pale, kijana wa chuo, mrefu, nywele nyekundu. Mimi nikafuata nje ya kamba, kwenye vijia vya wapita njia. Wakuu, nimebeba mifuko miaka saba ya maisha yangu. Kumwona mtu mwingine amebeba mfuko wa baba yako na wewe umeingiza mikono mfukoni, mikono inawasha. Shimo la pili yule kijana aliweka mfuko upande wa upepo, mzee akawa anapuliziwa mchanga machoni. Nilitamani niruke kamba. Kijana akaona mwenyewe, akauhamisha. Baadaye nikamkubali, alikuwa fundi.

Grini za pale ni kubwa ajabu, nyingi zinatumiwa na mashimo mawili, moja la kwenda na moja la kurudi. La 2 na la 16, la 3 na la 15, hivyohivyo. Mzee alinipigia kelele kwa mbali: "Baba Salma! Yote yanajumlisha kumi na nane!" Wamarekani watatu aliokuwa nao wakageuka kuona anaongea na nani.

Shimo la 17. Unapigia juu ya vibanda vya hoteli, huoni unakoelekea. Nyuma ya grini kuna barabara, nyuma ya barabara ukuta wa mawe, na mbele kushoto kishimo cha mchanga chenye kina ambacho kimekula majina makubwa. Wamarekani wakapiga juu ya vibanda. Mmoja alipiga hoteli, tukasikia. Mzee akapiga chini kushoto, panya akakimbia. Wa pili chini. Wa tatu ukasimama mita 25 nje ya grini, kishimo kikiwa katikati yake na bendera. Kijana akanyoosha mkono kwenye mfuko, nikaona anachomoa fimbo ya kuputi. Nikasema moyoni, bwana mdogo, umeshamjua. Mzee akauputi kwenda kulia kabisa, mbali na bendera, kama amekosea. Ukapanda mteremko, ukapunguza mwendo, ukageuka, ukaanza kurudi wenyewe ukizunguka mdomo wa kile kishimo. Ukasimama hatua mbili kutoka shimoni. Akamalizia. Mikwaju mitano. Wale Wamarekani: sita, saba, na mmoja aliokota mpira wake akauweka mfukoni.

Hakushangilia. Alinitafuta kwa macho pale ukutani, akaniinulia fimbo kidogo tu, kama mtu anayepisha gari.

Dada wa Tisa Bora:
Nimesoma hii mara mbili. Mpe mzee salamu.

Mangi wa Bondeni:
Mkuu kiungwana kabisa. Hiyo ya kutokuuliza kama jina linabadilishwa tumeiona.

Mzalendo Halisi:
Mimi nilikuwa sina neno na mzee tangu mwanzo. Nina neno na wewe.

Fundi Rejeta:
PICHA. Kuna kidaraja cha mawe pale hata mimi nisiyecheza nakijua, kila mtu anasimama juu yake kupigwa picha.

Kedi Mstaafu:
Kidaraja cha Swilcan, shimo la 18. Nilikimbia kwa nje nikatangulia, simu mkononi. Wamarekani walisimama juu yake mmoja mmoja, kisha wote, na kofia na bila kofia. Mzee akapita. Alipita tu wakuu, kama anavuka mtaro wa nyumbani, anaongea na kedi kuhusu mkwaju unaofuata. Nikaita "Baba! Simama!" Upepo ukachukua. Nilichopata ni mgongo wa koti la mvua, kofia, na mguu mmoja umeshatoka darajani.

Ameichapisha kubwa, ameitundika sebuleni Dar. Akija mgeni anamwambia, "Huyo ni mimi."